Meza Ipimwe kwa Kiwiko cha Mfanyakazi

(Maneno yaliyosemwa na wajumbe wa wafanyakazi katika Kamati ya Usalama na Afya, mbele ya mkutano wa tawi. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika kwa sababu ya zamu.)



Twajua ya kwamba wengi wenu mmekuja mkitazamia habari za mishahara. Habari hizo Katibu atazieleza baadaye. Sisi tumekuja na jambo ambalo watu wengine watalicheka. Tumekuja kusema habari za meza. Meza ile unayoiinamia tangu asubuhi mpaka jioni, ukikaza skrubu, ukibana waya, ukifunga kifuniko cha soketi na kukisukuma kwa mwenzako. Twataka kuwaonyesha ya kwamba kimo cha meza hiyo ni jambo la chama, kama vile mshahara ulivyo jambo la chama. Mshahara ukipunjwa, umeibiwa shilingi. Meza ikiwa mbaya, unaibiwa mkono, na mkono ndio uletao shilingi.

MWENZETU ALIYEAMKA USIKU

Tuanze na kisa chetu wenyewe, maana kilituaibisha. Hatutataja jina la mwenzetu huyo, wala hatutataja kiwanda.

Alikuwa mama wa watoto 3, mkazi wa Mukuru, na kila siku alikuja kazini kwa miguu kabla jua halijachomoza. Kazi yake ilikuwa kufunga soketi za umeme. Alikuwa mwepesi, na wengi wetu tulifundishwa kazi hiyo na yeye. Siku moja akatuambia ya kwamba usiku anaamshwa na ganzi. Kidole gumba, kidole cha shahada na kile cha kati vilikuwa kama si vyake, akawa anaukung'uta mkono gizani mpaka damu irudi. Sisi tukamwambia ni baridi ya mwezi wa Julai. Akamwambia nyapara, naye nyapara akamjibu ya kwamba ameulalia mkono vibaya. Akanunua dawa ya kuchua, akaendelea na kazi.

Baada ya miezi kadhaa vitu vikaanza kumponyoka. Skrubu zikawa zinaanguka chini, na hesabu yake ya siku ikapungua. Akapewa barua ya onyo, kisha ya pili, zote zikisema ya kwamba amekuwa mzembe. Alipofika hospitalini aliambiwa na daktari ya kwamba kuna neva inayopita kifundoni mwa mkono, katika njia nyembamba pamoja na kano za vidole, nayo neva hiyo imebanwa. Wakati huo barua ya kumwachisha kazi ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Ndugu, mtauliza: chama kilikuwa wapi? Chama kilikuwapo. Sisi tulisimama naye katika mstari mmoja, tulimwona akiukung'uta mkono wakati wa chai, na hatukuandika hata neno moja katika kitabu. Tulidhani ajali ni kidole kukatwa na mashine, damu ikamwagika. Hatukujua ya kwamba kuna ajali nyingine isiyomwaga damu, ambayo huja kidogo kidogo, skrubu moja baada ya nyingine.

MKONO MTUPU NAO NI MZIGO

Sasa twaomba kila mtu anyooshe mikono yote miwili mbele yake, sawa na mabega, asishike kitu. Ngojeni hivyo hivyo nasi tunaendelea kusema.

Misuli ina tabia yake. Ikikaza na kulegea, kukaza na kulegea, kama mtu anayetembea, damu hupita vizuri, huleta chakula na kuondoa uchafu. Lakini misuli ikikaza tu bila kulegea, huibana mishipa ya damu iliyomo ndani yake. Damu hupita kidogo, uchovu hujikusanya, na maumivu huanza. Mnaona? Kuna ndugu kule nyuma ameshusha mikono tayari. Hakubeba hata kilo moja! Mkono wenyewe ndio mzigo.

Basi mfikirie mfanyakazi ambaye trei yake ya skrubu imewekwa sentimita 65 mbele yake, nyuma ya sanduku la vifuniko. Kila soketi ina skrubu 3, na hesabu ya siku ni soketi 600. Hiyo ni kunyoosha mkono mara 1,800 kwa siku. Kwa juma la siku 6 ni mara 10,800. Na kichwa chake kimeinama muda wote, maana meza iko chini na taa iko mbali. Kichwa cha mtu ni kizito, na kikiinama mbele ni misuli ya shingo na ya mgongo inayokizuia kisianguke. Jioni atasema amechoka tu. Baada ya miaka 5 atasema ni mgonjwa.

Wakubwa wa kiwanda hawaoni jambo hili, wala si kwa ubaya wa moyo kila mara. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Meneja ameiona meza, lakini hajaisimamia saa 8.

TULICHUKUA FUTI YA KUPIMIA

Mwenzetu alipokwisha kuondoka tuliona haya, tukaazima futi ya kupimia kwa seremala. Tulipima meza zote za mstari. Kila meja ilikuwa na kimo cha sentimita 82. Kisha tukawapima watu, kila mmoja amesimama wima na viatu vyake vya kazi, mkono umekunjwa, tukapima kutoka sakafuni mpaka kiwikoni. Mfupi wetu kiwiko chake kilikuwa sentimita 94, na mrefu wetu sentimita 113. Tofauti ya sentimita 19, na wote wamepewa meza moja! Hakuna duka liwezalo kuuza viatu vya namba moja kwa watu wote. Lakini kiwanda hununua meza za kimo kimoja, na hakuna aulizaye.

Ujuzi wa mambo haya wataalamu huuita ergonomia. Sisi twasema kwa lugha nyepesi ya kwamba ni kuilinganisha kazi na mtu. Kipimo chake kikuu kila mtu anacho mwilini mwake, nacho ni kiwiko. Kwa kazi nyepesi ya kuunganisha kama yetu, mtu akisimama, mikono yapasa ifanye kazi sentimita 5 mpaka 10 chini ya kiwiko. Kwa kazi ndogo sana inayotaka macho, kama kupanga nyaya nyembamba, kimo kipande juu ya kiwiko kwa sentimita 5 hivi, na mkono upate mahali pa kuegemea. Kwa kazi ya kukandamiza kwa nguvu, kimo kishuke sentimita 20 au zaidi chini ya kiwiko, ili uzito wa mwili usaidie.

Na muangalie vizuri: kimo hicho si cha ubao wa meza, ni cha mahali mikono ifanyapo kazi. Ikiwa kifaa unachokifunga kina kimo cha sentimita 10, basi ubao wa meza ushuke sentimita 10.

JAMBO HILI SI GENI

Wengine wametuambia ya kwamba tunaleta mambo mapya ya kudekeza watu. Sivyo. Mwaka 1700 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kizima juu ya magonjwa yaletwayo na kazi. Alizunguka penye kazi za mafundi akatazama wanavyofanya, na aliwashauri madaktari wenzake wamwulize kila mgonjwa kazi yake ni ipi. Katika toleo la 1713 aliwaeleza makarani ya kwamba kukaa kutwa na kuupeleka mkono upande ule ule bila kupumzika kunawaharibu. Hiyo ni zaidi ya miaka 300.

Tena waajiri wakubwa walilijua jambo hili zamani sana. Nchini Marekani, katika kiwanda cha Henry Ford kule Highland Park, Michigan, mwaka 1913 walianza kuunganisha magari kwa mstari unaotembea. Kabla ya hapo kuunganisha chesisi moja kulichukua kama saa 12 na nusu za kazi. Mapema mwaka 1914 waliuinua mstari huo ufike kimo cha watu. Ford mwenyewe alieleza katika kitabu chake cha 1922 ya kwamba walitengeneza mstari mmoja wa inchi 26 na robo tatu kutoka sakafuni, na mwingine wa inchi 24 na nusu, kwa ajili ya vikundi vya watu warefu na wafupi. Kwa kuinua mstari hivyo, na kwa kuigawanya kazi zaidi, saa zile zikawa saa 1 na dakika 33.

Ndugu, tazameni tofauti ya mistari ile miwili. Ni inchi 2 na robo tu, kama sentimita 6. Tajiri mwenye hesabu kali aliona sentimita 6 zina fedha ndani yake. Basi leo meneja akituambia ya kwamba kimo cha meza ni jambo dogo, tumjibu ya kwamba Ford hakuliona dogo.

Lakini kisa hicho kina funzo la pili, nalo ndilo lililotuleta hapa. Faida ya kimo kile ilikwenda wapi? Ilikwenda katika mbio. Mtu aliondolewa kuinama, kisha akapewa mwendo mmoja au miwili ya kurudia kutwa nzima. Watu waliikimbia kazi hiyo kwa wingi sana, na mwezi wa Januari 1914 Ford akatangaza malipo ya hadi dola 5 kwa siku ya saa 8 ili wakae. Hakukuwa na chama mezani cha kuuliza wafanyakazi watapata nini katika faida ya kimo kile. Chama cha wafanyakazi wa magari kilipata mapatano na Ford mwaka 1941, yaani miaka 27 baadaye. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

MAHALI PAZURI PA KAZI PAKOJE

La kwanza ni kimo, nasi tumekwisha kukisema. Meza ya miguu ya chuma yenye matundu na pini inaweza kupandishwa na kushushwa, na fundi wa kuchomelea wa kiwanda anaweza kuitengeneza. Pasipo meza hiyo, meza iwekwe kwa kimo cha warefu, na wafupi wapewe kijukwaa cha mbao kipana, kisichotikisika, mtu asijikwae. Mrefu hawezi kukatwa miguu, lakini mfupi anaweza kuinuliwa.

La pili ni mahali pa vitu. Kitu unachokichukua kila mara kiwe mbele yako, ndani ya sentimita 40 hivi, mkono usinyooke na bega lisiinuke. Vitu vya mara moja moja ndivyo viwekwe mbali. Trei iinamishwe kidogo ikuelekee.

La tatu ni chombo cha mkononi. Bora upinde mpini kuliko kupinda mkono. Bisibisi ya umeme yenye mpini kama wa bastola yafaa skrubu inayokutazama usoni. Skrubu inayotazama juu, iliyo mezani mbele yako, yataka bisibisi iliyonyooka. Mwenzetu yule alipewa ya bastola kwa skrubu zinazotazama juu. Ili aitumie ilimbidi ainue kiwiko na kuukunja mkono, mara 1,800 kila siku. Na bisibisi nzito ining'inizwe kwa springi juu ya meza, isibebwe kutwa.

La nne ni miguu. Kusimama kutwa huvimbisha miguu, na kukaa kutwa huumiza kiuno. Dawa ni kubadilishana. Kiti kiwe na mgongo, kipande na kushuka, na miguu ifike chini au ipate ubao wa kuikanyagia. Anayesimama awekewe zulia la mpira juu ya saruji, na nafasi ya kuingiza vidole vya miguu chini ya meza, asije akalazimika kuinama.

La tano ni mwanga. Mtu asiyeona vizuri huinama. Mara nyingine dawa ya shingo ni taa.

La sita ni mizigo. Tazameni masanduku ya soketi zilizokwisha, ya kilo 14, yanayowekwa sakafuni ng'ambo ya meza. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoitwa NIOSH ilitoa hesabu mwaka 1991. Mahali pakiwa pazuri kabisa, mzigo uko karibu na mwili, hauchukuliwi sakafuni, mtu hajipindi, na hainui mara nyingi, mwisho ni kilo 23. Lakini mikono ikiwa sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu badala ya 25, mwisho huo hukatwa nusu, ukawa kilo 11 na nusu. Basi lile sanduku la kilo 14, ukilifikia ng'ambo ya meza, limekwisha kupita kipimo hata kabla ya kuhesabu kuinama. Sanduku ni lile lile. Ubaya uko katika mahali lilipowekwa.

La saba ni kubadilishana kazi na kupumzika kidogo. Lakini kubadilishana kuwe kwa kweli. Kumwondoa mtu katika kukaza skrubu za soketi na kumpeleka akakaze skrubu za swichi si kubadilishana. Mkono hausomi jina la kifaa.

Shirika la Kazi Duniani lilitoa kitabu cha mambo haya mwaka 1996, na toleo la pili la 2010 lina mambo 132 ya kukagua. Mengi ni mambo ya ubao, misumari, magurudumu na rangi, ambayo kiwanda chochote kinaweza.

MAKOSA YETU, NA KOSA LA WAKUBWA

Tulikwenda kwa menejimenti na karatasi ya vipimo, tukapata ruhusa ya kujaribu katika mstari mmoja. Hapo tulikosa. Kwa furaha tuliinua meza zote sentimita 15, zikawa 97. Warefu wakashukuru. Baada ya juma moja wafupi wakaja wakishika mabega, maana sasa walifanya kazi kama mtu anayepika juu ya kabati. Tulikuwa tumefanya lile lile tulilolilaumu, tukawapa watu wote kimo kimoja. Tukarudi, tukatafuta vijukwaa, tukapima mtu mmoja mmoja, tukamwuliza kila mmoja baada ya siku 3. Trei zikasogezwa kutoka sentimita 65 mpaka 35. Bisibisi zikabadilishwa. Maumivu ya shingo yakapungua, na mama mmoja akatuambia ya kwamba sasa akifika nyumbani anaweza kukanda unga.

Kazi nayo ikaenda upesi bila kumkimbiza mtu, kwa sababu mikono haikusafiri mbali tena. Na hapo ndipo wakubwa wakakosa. Mwezi wa tatu ulipoanza, karatasi ya hesabu ilibandikwa ukutani. Mstari ule ulitakiwa kutoa soketi 680 kwa kila mtu badala ya 600. Hizo ni skrubu 240 zaidi kila siku, kwa mshahara ule ule. Siku mbili baadaye wenzetu wa mstari ule wakatuita pembeni, wakasema, "Rudisheni meza zetu za zamani."

Ndugu, neno hilo lilituuma. Meza mpya ilikuwa imeponya mgongo, kisha ikageuzwa kiboko. Tukakumbuka Highland Park. Sisi nasi tulikuwa tumetengeneza meza bila kuweka neno lolote katika mapatano.

Hatuwalaumu waliotaka meza za zamani. Lakini twasema kurudi nyuma si dawa. Anayeumwa kwa hesabu ya 600 ataumwa, na siku wakubwa wakitaka 680 wataidai hata kwa meza mbovu. Dawa ni kuitengeneza meza na kuifunga hesabu, vyote kwa karatasi moja yenye sahihi.

SHERIA IKO UPANDE GANI

Msidhani twaomba hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 76, yamtaka mwajiri achukue hatua zinazohitajiwa ili mahali pa kazi, vifaa na kazi yenyewe vilinganishwe na mfanyakazi na uwezo wake. Haikusema mfanyakazi alinganishwe na meza. Sheria hiyo hiyo yataka wanaofanya kazi wamesimama wapewe mahali pa kukaa wapatapo nafasi ya kupumzika. Yataka pia penye watu 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama na afya, ambayo ndani yake mna wajumbe wa wafanyakazi. Na yamkataza mwajiri kumfukuza au kumwonea mtu kwa sababu tu amelalamika juu ya hatari ya kazi. Juu ya hayo yote, Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya hali nzuri za kazi.

Iko pia Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, nayo inahusu magonjwa yaletwayo na kazi pamoja na ajali za ghafla. Lakini fidia hutaka ushahidi. Mwenzetu yule hakuwa na ushahidi hata mstari mmoja. Alimwambia nyapara kwa mdomo, akatuambia sisi kwa mdomo, na maneno ya mdomo huchukuliwa na upepo. Maneno pekee yaliyoandikwa juu ya mkono wake yalikuwa katika zile barua za onyo.

TUNALOLIOMBA

Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu upitishe mambo 4, yaingizwe katika madai yetu ya Mapatano ya Pamoja yajayo.

Moja, meza zote za kuunganisha zipimwe kwa viwiko vya watu wanaozitumia, na kila mfanyakazi mpya apimwe siku ya kwanza, kama vile anavyopewa koti la kazi.

Mbili, hesabu ya siku isipandishwe kwa sababu ya meza, chombo au mpango mpya wa kazi, ila kwa kuafikiana na chama. Na pakiwa na faida, sehemu yake irudi kwa mfanyakazi, iwe kwa malipo au kwa dakika za kupumzika.

Tatu, mtu akileta habari ya ganzi au maumivu, asipewe barua ya onyo ya upungufu wa kazi mpaka kamati itazame mahali pake pa kazi na apelekwe kwa daktari.

Nne, mwenzetu aliyeachishwa kazi, habari yake ifunguliwe tena. Twalisema hili la mwisho ijapokuwa ndilo la kwanza mioyoni mwetu.

Na ninyi wanachama mnayo kazi juma hili. Mlangoni kuna karatasi zenye picha ya mwili wa mtu, mbele na nyuma. Kila mmoja achukue moja, atie alama mahali panapomwuma, aandike kazi anayofanya na tangu lini. Si lazima kuandika jina. Karatasi moja ni malalamiko ya mtu mmoja, na mtu mmoja huambiwa ameulalia mkono vibaya. Lakini karatasi 60 zikiwa na alama mahali pale pale, katika mstari ule ule, hakuna nyapara atakayesema ya kwamba watu 60 waliulalia mkono. Tena kila maumivu yaandikwe katika kitabu cha kamati, na tarehe. Anayeona haya kuja kwetu wakati wa kazi, atukute wakati wa chai.

Vijana, neno moja kwenu. Mwafanya kazi upesi na mwajivuna kwamba hamwumwi. Mama yule naye alikuwa mwepesi kuliko sisi sote. Msiseme jambo hili ni la wazee.

Mikono iliyonyooshwa mwanzoni iko wapi? Yote imeshuka, wala hatukuwaambia mishushe. Mwili wenyewe ulikataa. Basi sasa twaomba muinue mkono mmoja tu, kwa muda mfupi, wale wanaokubali mambo haya 4 yaandikwe.

Tumesema.